Sahani ya Mbuyi

Nilipokuwa mtoto, katika nyumba yetu ya mtaa wa Kikula, ukimwondoa baba, hakuna aliyethubutu kumsalimia dada yangu kwa jina moja. Ulipopita mlangoni, hata kama umetumwa kuomba kaa la moto tu, ulitoa salamu ya kwetu ya kutakiana uzima: "Moyo, Mbuyi! Moyo, Kabanga!" Na dada yangu Kabanga, akiwa peke yake juu ya mkeka, aliitika mara mbili: kwanza kwa sauti nyembamba, ambayo ilikuwa ya Mbuyi, kisha kwa sauti yake mwenyewe. Mbuyi alikuwa pacha wake. Alikufa akiwa bado ananyonya, kabla mimi sijazaliwa. Mimi nilikuja baada yao, na kwetu watu wa Kasai mtoto anayewafuata mapasa, yaani mapacha, hatafutiwi jina: ni Kanku. Hivyo hata jina ninaloitwa mpaka leo, mvi zikiwa zimefika kwenye nyusi, linaanzia kwa wale wawili.

Nimekuwa nikiyarudia mambo hayo moyoni tangu mwaka jana, daktari aliponiuliza swali juu ya mjukuu wangu Clarisse, nami nikanyamaza muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Swali lilikuwa jepesi. Alitaka kujua kama katika ukoo wetu kulikuwa na mtoto mwingine aliyepatwa na yaliyompata Clarisse. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa limefungwa pamoja na pasi ya makaa, msiba wa bibi yangu na samaki wa chumvi, na sikujua nianze kulifungua upande gani. Hata sasa sijui vizuri. Nitaanza na sahani.

Kila tulipokula, mama alimpakulia Kabanga sahani mbili. Moja ilikuwa nyeupe tupu. Ya pili ilikuwa na ukingo wa buluu, na hiyo ilikuwa ya Mbuyi. Sheria hiyo aliileta bibi, mama wa baba yetu, ambaye tulimwita Kaku. Alikuja na treni kutoka Kasai pamoja na baba, baba alipoandikwa kazi kiwandani, na katika mizigo yake, kama mama alivyopenda kusema akiwa amechoka, vyungu vilikuwa vichache na sheria zilikuwa nyingi. Kaku alitufundisha kwamba anachopewa pacha mmoja, wa pili apewe kwa kipimo kilekile, kwa sababu pacha aliyepunjwa hunung'unika, na manung'uniko yake huipata nyumba nzima. Kwa kuwa Mbuyi hakuwa tena na kinywa, sahani yake iliachwa kidogo ili ajipatie harufu, kisha Kabanga alimlia.

Mimi nilikuwa mlafi na jambo hilo lilinisumbua. Nilikaa karibu na ile sahani ya buluu nikiikodolea macho, nione kama ugali utapungua.

"Kaku," nilimwambia siku moja, "Mbuyi hakuli. Minye naangalia tangu zamani."

"Weye unakula mara moja kwa sababu ulizaliwa mara moja," alinijibu. "Funga kinywa yako."

Sasa mkono wa Kabanga. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani, na Jumapili alipiga tarumbeta katika fanfari, bendi ya wafanyakazi. Fanfari ilitaka shati jeupe lisilo na kunyanzi, na kazi ya kulipiga pasi Jumamosi alipewa Kabanga, akiwa na umri wa miaka minane hivi. Umeme wa bwawa la Koni ulipita juu ya vichwa vyetu kwenye waya zake kwenda kuyeyusha shaba. Sisi chini tulipiga pasi kwa makaa. Siku ile makaa yalikuwa yanakufa. Kabanga akaiinua pasi kwa mkono wa kulia, akaweka midomo kwenye matundu ya pembeni na kupuliza. Alipuliza pumzi ndefu zilizofuatana, majivu yakaruka, makaa yakawaka mekundu, naye akaishusha pasi juu ya shati. Hapo vidole vyake vikafunguka vyenyewe.

Hakuitupa pasi, hilo nililiona kwa macho yangu. Vidole viliiacha. Akautazama mkono wake kama mtu anavyotazama kitu alichosahau mgeni ndani ya nyumba.

"Kanku," alisema, na maneno yalitoka mazito, kama ana chakula kinywani, "mukono yangu imelala."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikawaita watu wazima. Baba alipofika aliliona shati tu.

"Kesho nitavaa nini?" alifoka. "Nitapiga tarumbeta kifua wazi, sawa mupiganaji wa ngumi?"

Kaku alijipenyeza kati yake na Kabanga. Aliuchukua ule mkono, akauinua, akauachia, ukaanguka. Akauinua tena. Wakati huo vidole vilikuwa vimeanza kurudi, kimoja baada ya kingine, na Kabanga akasema sisimizi wanatembea ndani yake.

"Mbele mukono ilale, ulikuwa nafanya nini?" Kaku aliuliza.

"Nilikuwa napuliza."

Katika siku zilizofuata Kaku alimwangalia Kabanga kama mtu anavyoangalia sufuria ya maziwa motoni. Aliona kwamba mkono ulilala tena siku Kabanga alipoupuliza uji wa moto, na tena siku alipoanguka uani na kulia mpaka akakosa pumzi. Haukulala mkono huo alipobeba maji, wala alipokimbia kidogo, wala alipotwanga. Ndipo akatuambia alichokielewa. Pumzi ndefu, alisema, hufika mbali kuliko tunavyodhani. Kabanga anapopuliza sana au kulia sana, pumzi yake inafika alipo Mbuyi. Mbuyi anasikia, anadhani anaitwa, ananyoosha mkono na kumshika mwenzake kama walivyoshikana tumboni. Hana ubaya, ana upweke tu. Lakini aliyekufa hajui nguvu zake.

"Siku Kabanga atalia mpaka mwisho wa pumzi," alisema, "Mbuyi hatamuachilia tena."

Tangu hapo Kabanga hakuruhusiwa kupuliza moto, wala uji, wala kuchokozwa mpaka alie. Nami nilipewa cheo. Kaku alinishika masikio yote mawili, akasema: "Weye Kanku, weye njo pumzi yake." Kila pasi, kila mbabula ya makaa ya kupikia, kila kijiko cha moto kilichoelekea kwa dada yangu, nilikipuliza mimi. Nilijivuna sana. Watoto wa jirani walinicheka, wakaniita mtambo wa upepo, nami sikujali.

Baba alijali. Alikuwa mtu wa kanisa na wa saa ya mkononi, na aliona aibu.

"Mama, tuko mu muji hapa. Ile mambo ya mapasa tuliacha kule Kasai."

"Kule Kasai uliacha adabu," Kaku alimjibu bila kuacha kuchambua mboga. "Mapasa hawaachwi. Walipanda treni pamoja na weye, na tiketi hawakulipa."

Mama alicheka, kisha akaona uso wa baba, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo wakati huo tulilipa uzito mdogo. Asubuhi nyingi Kabanga aliumwa kichwa. Alikwenda kuegemeza paji la uso kwenye mtungi wa maji, akakaa hapo macho yamefungwa, na mara nyingine damu ilimtoka puani, nyingi, kwa kasi, kama imesukumwa. Hilo nalo Kaku alilipatia maana yake: Mbuyi ana njaa. Na kwa kuwa aliye mbali hufikiwa na harufu kali kuliko harufu dhaifu, aliagiza sahani ya buluu iwekewe bitoyo, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi ambao sokoni Kikula unawanusa kabla ya kuwaona. Mbuyi alinusa. Kabanga alikula.

Naandika haya nikijua sasa jambo ambalo hakuna mtu mle ndani aliyelijua. Najizuia kulisema mapema, kwa sababu wakati ule halikuwapo, na si haki kuwahukumu watu kwa taa iliyowashwa baada ya wao kulala.

Kaku alikufa katika majira ya kiangazi, ghafla, akiwa amekaa. Walimlaza katika chumba cha mbele juu ya kitanda kilichofunikwa shuka, wanawake wakaketi chini kukizunguka, miguu imenyooshwa, wanaume wakakaa nje na baba pamoja na wenzake wa fanfari. Mama alikuwa jikoni nyuma ya nyumba akiwapikia wageni. Kabanga aliketi karibu na ukuta nami nikaketi ubavuni pake. Alikuwa ameuma mdomo wa chini. Alikumbuka sheria. Aliyeiweka alikuwa amelala mbele yetu, pamba puani, na dada yangu, aliyempenda kuliko sisi sote, alikuwa akimtii.

Asubuhi ya pili aliingia shangazi yetu, dada wa baba, aliyekuwa ameshuka kwenye treni muda huohuo. Alijitupa chini, akamlilia mama yake kama inavyopasa, akamtaja kwa majina yake ya sifa. Alipoinua kichwa kupumzika, macho yake yakamwangukia Kabanga.

"Na huyu? Kaku wake eko pale nalala, yeye macho makavu?"

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini: "Ni wa mapasa."

"Wa mapasa, wa mapasa! Mapasa habana machozi?" Shangazi alijikokota mpaka kwetu. "Mutoto mwenye kulelewa na mukono ya huyu mama, leo halii? Tangu lini? Ao yeye njo anajua nani alimukula?"

Kwetu, kumla mtu ni kumuua kwa uchawi. Asiyelia msibani anaulizwa kwa nini, na swali hilo likishatamkwa mbele ya maiti halirudi kinywani. Shangazi hakuwa mwovu. Alikuwa mgeni katika nyumba yenye sheria asiyoijua, na mwenye kuijua alikuwa amekufa.

Mimi nilikuwa pumzi yake. Nilifanya nilichoweza. Nililia kwa nguvu zangu zote. Niliimaliza sehemu yangu ya kilio nikaanza sehemu yake, nikipaza sauti mpaka koo likauma.

"Huyu analia ya bantu babili," shangazi akasema, "na huyu hata ya mumoja hapana!"

Kabanga alinitazama. Kisha akamtazama Kaku. Meno yakauachia mdomo, nami nikajua kwamba imekwisha.

Alilia. Sijasikia tena kilio kama kile, nami nimezika wengi. Alikuwa amekishikilia tangu jana yake, nacho kilitoka kwa pumzi ndefu, moja juu ya nyingine, bila nafasi ya kumeza hewa sawasawa, na wanawake wakaitika kwa sauti, wameridhika, wakidhani mambo yamekaa mahali pake. Shangazi alimkumbatia. Ndani ya mikono ya shangazi kilio kikakatika. Mkono wa kulia ulikuwa umeanguka juu ya mkeka, kiganja juu. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Alitaka kusema kitu, ikatoka sauti tu.

"Baba!" nilipiga kelele. "Mbuyi amemushika!"

Baba aliingia akiwapita wanawake, tarumbeta bado mkononi. Alimwona. Akapiga magoti, akaiweka tarumbeta chini kando ya mkono ule uliolala, na yule mtu wa kanisa na wa saa ya mkononi, ambaye sikuwahi kumsikia akimsalimia binti yake ila kwa jina moja, akasema mbele ya watu wote:

"Moyo, Mbuyi. Moyo, Kabanga." Akangoja. "Mbuyi, mwana wangu, ni minye, baba yako. Umuachilie. Minakuomba, umuachilie."

Mama alikuwa amefika mlangoni, mikono imejaa unga. Sote tuliutazama ule mkono, hata shangazi, tukingoja kidole cha kwanza kirudi kama siku zote. Hakikurudi.

Hospitalini walimkunja mkono, wakamnyoosha, wakampiga nyundo ndogo kwenye goti, wakasema amepooza, wakatwambia tumfanyishe mazoezi. Maneno yake yalirudi kidogo kidogo, yakiburuta mguu. Mkono ulibaki umekunjwa kifuani kama bawa. Kama yupo aliyempima shinikizo la damu, ile tunayoiita tensioni, mimi sikumwona. Wakati ule hata sisi tungeshangaa, kwa maana tensioni ilijulikana kuwa ni ya wakubwa wenye vitambi.

Baba alibadilika. Yale aliyomkatalia mama yake akiwa hai alimpa yote akiwa amekufa, na zaidi. Yeye mwenyewe alikwenda sokoni kuchagua bitoyo, wale wanene, wenye chumvi iliyoganda kama baridi ya Juni kwenye majani. Yeye mwenyewe aliijaza sahani ya buluu asubuhi na jioni, akaketi mbele ya Kabanga.

"Kula, mama. Kula ya Mbuyi pia, atosheke, asikusumbue."

Kabanga alikula kwa mkono wa kushoto. Alikunywa maji mengi, na uso wake ukaanza kuvimba asubuhi. Siku moja, baba alipokuwa ameondoka, aliniambia polepole, kwa ulimi wake mzito:

"Kanku, minye sina njaa ya bantu babili."

Nilitamani kumsaidia, lakini sahani ile hakuigusa mtu asiye wa mapasa. Akaimaliza.

Mvua zilipoanza mwaka uliofuata, asubuhi moja alishika kichwa na kusema mwanga unamuumiza. Tulifunga madirisha. Mchana akalala, na hakuamka. Watu walisema Mbuyi hatimaye amempata mwenzake, na wengine walisema hivyo ili kutufariji. Baba aliiweka sahani ya buluu juu ya kaburi, ameifunika kifudifudi, akarudi nyumbani, na tangu siku ile katika nyumba yetu bitoyo hawakuliwa tena. Hakusema kwa nini. Nafikiri harufu tu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na kisa hiki maisha yangu yote: kama kisa cha pacha. Nilikiamini, kisha nikawa kijana wa kiwandani nikaacha kukiamini, kisha nikazeeka na sikuona tena haja ya kuchagua. Mpaka Clarisse.

Clarisse ni binti wa mwanangu, na anaishi kwangu pamoja na mama yake, Henriette, kwa sababu mwanangu anafanya kazi kwenye mgodi wa mbali. Hajatimiza miaka tisa. Asubuhi moja alikuwa mezani anapuliza uji wake, mashavu yamejaa, pumzi baada ya pumzi kama watoto wanavyofanya wakiharakia shule. Kijiko kikaanguka. Akautazama mkono wake.

"Kambo," aliniambia, kama watoto wa kwetu wanavyomwita babu, "mukono yangu imelala."

Maneno yaleyale. Nilisimama, na sikujua nilichosimamia. Nikamgeukia Henriette, na swali lililonitoka ni hili:

"Mama, huyu mutoto ulimuzaa peke yake?"

"Papa! Si minye njo nilizaa? Wa pili ningemusahau wapi?"

Alidhani uzee umeniingia kichwani. Lakini kwangu lilikuwa swali la kweli kuliko yote, kwa sababu kama Clarisse alizaliwa peke yake, basi ni nani aliyemshika mkono?

Katika kituo cha afya, muuguzi alimfunga Clarisse kitambaa cha kupimia, ambacho kiliuzunguka ule mkono mwembamba karibu mara mbili. Akapima, akakunja uso, akapima tena.

"Mashine imeharibika. Papa, leta mukono yako kwanza." Akanipima mimi, akacheka peke yake. "Muzee eko na tensioni ya mutoto, mutoto eko na tensioni ya muzee. Ni nyumba gani hii?" Kisha akaacha kucheka, akaandika barua ya kutupeleka Lubumbashi.

Huko, baada ya picha za kichwa na za tumbo, tulikaa mbele ya daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Ndiye aliyeniuliza: "Papa, mu famili, iko mutoto mwingine alikuwaka na hii mambo?" Mwishowe nilimweleza yote, pamoja na Mbuyi, maana bila Mbuyi kisa hakisimami. Hakucheka. Alichukua kalamu akanichorea.

Mishipa inayopeleka damu kichwani mwa Clarisse, alisema, imekuwa myembamba. Mtoto akipuliza sana au akilia sana, anatoa hewa nyingi kupita kiasi, na mishipa ya kichwani hujikaza zaidi. Upande mmoja wa ubongo unakosa damu, mkono unalala. Akitulia, inarudi. Siku nyingine inaweza isirudi. Na ugonjwa huohuo umeibana mishipa inayoingia kwenye figo. Figo, zikipata damu kidogo, zinadhani mwili mzima umepungukiwa; zinashikilia chumvi na maji, zinaamuru damu isukumwe kwa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo tensioni yake, na ndiyo inayomuumiza kichwa.

"Basi mushushe hiyo tensioni," nilisema.

"Tutashusha, Papa, lakini polepole sana. Tukiishusha mara moja, damu haitafika kichwani. Ile nguvu inamuharibu, na tena ile nguvu njo inamubeba."

Nilimwomba arudie. Alirudia, na maneno yalikuwa yaleyale. Mimi nilijifunza kusoma peke yangu nikiwa nimestaafu, nikifuata vidole vya wajukuu juu ya vitabu vyao, na nimezoea kwamba sentensi ngumu ikisomwa mara ya tatu hufunguka. Hii haijafunguka.

"Na chakula?" Henriette aliuliza.

"Chumvi, hapana. Samaki ya chumvi, bitoyo, zero. Asikose maji. Asilizwe, asipulize." Daktari alitabasamu kidogo. "Kwa ile ya kupuliza, Kambo anajua."

Ni hapo niliposhika ukingo wa meza. Bitoyo.

"Na dada yangu?" nilimuuliza. "Alikuwa na ugonjwa huu?"

"Inafanana, Papa. Lakini minye siwezi kupima mutu eko mu kaburi."

Wasomaji wangu watanisamehe nikikiri kwamba tangu siku ile mambo yamenichanganya zaidi kuliko yalivyonifafanukia. Kaku aliona, kwa macho matupu, kile ambacho mashine za Lubumbashi ziliona: kwamba hatari iko ndani ya pumzi. Alikataza kupuliza, akakataza kulia, na alipoondoka yeye na katazo lake, mkono ukaondoka. Kinywa hichohicho kiliagiza bitoyo. Baba, alipokuwa akimdharau mama yake, angeweza kumwokoa binti yake na sahani ya pili, lakini angemwacha apulize. Alipomwamini, alimnyima machozi na akamshibisha chumvi. Kama angeamini nusu moja na kuikataa nyingine, Kabanga angeishi? Nusu ipi, na nani angemwonyesha? Nazigeuza nusu hizo na haziungani. Daktari hakusema kwamba chumvi ndiyo iliyomuua. Mimi ndiye ninayeiona ikimeta juu ya wale samaki.

Wakati mwingine nafikiri juu ya zile figo zinazodhani mwili una upungufu, ambao haupo, na kwa kudhani hivyo zinasukuma, zinasukuma, kwa nia njema, mpaka kichwa kinauma. Kisha namwona baba ameketi mbele ya sahani ya buluu. Siwezi kumkasirikia. Na figo pia, ajabu, siwezi kuzikasirikia.

Mpaka leo mkono wa Clarisse, kila ulipolala, umerudi. Anameza vidonge vyake, picha zake zimetumwa kwa mabingwa wa mbali ili waone kama mishipa ya kichwani inaweza kusaidiwa kwa upasuaji, na tunangoja. Henriette anampikia bila chumvi na sote tunakula hivyo, tukijidai tunapenda. Watoto wa jirani wamekatazwa kumchokoza. Wanasema Kambo ana sheria nyingi.

Juzi asubuhi niliingia jikoni naye alikuwa mezani tayari, mgongo kwangu, shuka begani, na kabla sijajizuia nilisema kwa sauti:

"Moyo, Mbuyi. Moyo, Kabanga."

Aligeuka. "Kambo, hao ni banani?"

"Ni dada zangu."

"Beko wapi?"

Niliketi na kuvuta bakuli lake upande wangu. Uji ulikuwa wa moto bado. Nikapuliza. Pumzi zangu sasa ni fupi na nililazimika kupumzika katikati, lakini kazi hii naijua, nilipewa zamani, na hakuna aliyenipokonya. Clarisse alingoja, mkono wake wa kulia juu ya meza, vidole vikicheza na kijiko. Nilipuliza nikiutazama mkono huo. Ulipopoa uji, alikishika kijiko akala, na mimi niliendelea kuutazama.